Dago la Nani

...kwa hiyo kwao, Waingereza, mwenye mali anatangulia na mali inafuata nyuma, ndivyo alivyosema mwalimu, na chaki iko mkononi na mkono uko hewani na Shufaa amesimama mbele ya ubao akiwapa wenzake mgongo, mgongo afadhali, uso ungemchongea, kwa sababu aliyemwita pale mbele kwa sauti ya kupakwa asali, "Haya shemeji, tuandikie kitu cha mtu, chochote tu, hata cha nyumbani kwako," ni mwalimu mwenyewe, Abdulswamadu, mdogo wake marehemu Tamimu, na Tamimu alikuwa mume wa Shufaa, na cha nyumbani kwangu kipi, anasema moyoni, kipi ulichoniachia nikiandike, mtumbwi umechukua, masanduku ya barafu umechukua, dago zima umechukua, kambi niliyoisimamisha kwa mikono hii kwenye tope la delta, wavuvi wakiniletea kamba bamvua kwa bamvua, kila maji makuu, umeichukua ukiwa bado na kanzu ya msibani mwilini, leo unataka nikuandikie cha nyumbani... nyumbani kwangu ni chumba cha kupanga hapa Kibiti nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, na karai la kukaangia mihogo kando ya barabara, basi ngoja nikuandikie karai, karai la Shufaa, hilo labda utaniachia. "Tunangoja," anasema Abdulswamadu, na viatu vyake vinalia kro, kro, juu ya sakafu, viatu vya ngozi, navyo vimetoka ndani ya matumbo ya kamba wangu viatu hivyo, na soksi zake, na ile kalamu aliyoichomeka mfukoni ili ionekane kichwa, vyote vimetoka kwenye tope lile, na ghala lote linanuka korosho, miaka imepita tangu ushirika ulipofunga milango na kuliacha ghala tupu, tangu waseme biashara ruksa, kila mtu ajinunulie na ajiuzie, lakini harufu ya korosho haijasikia habari hiyo, imeng'ang'ania kutani, na watu wamekaa juu ya mbao zilizolazwa kwenye matofali, madaftari magotini, wanajifunza Kiingereza baada ya alasiri kwa sababu kila gari linalosimama barabarani siku hizi lina mtu wa kampuni ndani yake, na mtu wa kampuni hajui Kiswahili, na asiyejua hicho Kiingereza chake atasemewa, atasemewa kama nilivyosemewa mimi. Juu ubaoni, mbele ya macho yake, uko mfano alioandika mwalimu mwenyewe kwa mwandiko wake wa madaha, my brother's boat, "mtumbwi wa kaka yangu," kawaeleza, "sisi tunaanza na mtumbwi, halafu ndiyo tunamtafuta mwenyewe, wao wanaanza na mwenyewe, kaka yangu, halafu unatundika kamkia haka hapa juu, unatia s, ndipo unaleta mtumbwi," na akakachora kale kamkia kwa nguvu mpaka chaki ikavunjika, na Shufaa alipokaona alikuwa bado amekaa kwenye ubao wa kukalia, ule wa mbele, na pale pale akili yake ikaruka kwenda kwenye matenga, kwa sababu ndivyo walivyokuwa wakifunga, kila mwanamke mnunuzi na utepe wake wa ukindu kwenye sikio la tenga, wa Shufaa ulikuwa wa zambarau, mvuvi akishusha tenga usiku wa kiza anapapasa tu fundo analijua, hili la Shufaa, hakuna aliyesoma, hakuna aliyeandika, na hakuna tenga lililopotea hata siku moja, mpaka huyu. Aliyekata tepe ni huyu. Alizikata kwa kisu kile kile cha kukatia kamba za masanduku ya barafu, akazitupa majini, na Shufaa siku alipotoka eda, ameoga, amejifunga kanga mpya, ameshuka gatini na furaha ya mtu aliyefunguliwa, akaziona zinaelea pembeni pale kwenye mizizi ya mikoko, nyepesi, zambarau, zinazungukazunguka, akadhani ni maua... "Shoga, andika basi, mihogo itaungua huko," hiyo ni sauti ya Mwanabibi, jirani yake, muuza maandazi, aliyekuja kusoma kwa sababu anasema hataki kufa hajamtukana mzungu kwa lugha yake, na watu wanacheka, na Abdulswamadu naye anacheka, anacheka kwa pua, kama wanavyocheka watu waliosoma Dar es Salaam, na kicheko kile ndicho atakachokizima, wallahi, atakizima wiki ijayo, kwa kuwa wiki ijayo mzungu wa kampuni ya kamba anakuja kugawa vituo vya kununulia vya msimu mpya, na Shufaa atasimama mbele yake, hatasemewa na mtu, atasema kwa kinywa chake, ndiyo sababu ya yeye kuwemo humu ndani, hakuna nyingine, watu wa Kibiti wanamwona amekaa mbele ya shemeji yake na daftari wanasema Shufaa ana moyo mweupe, amesamehe, wala hawajui, hata Abdulswamadu mwenyewe hajui, siku alipomwona mlangoni aliona fahari, "Karibu shemeji, elimu haina mwisho," akamkalisha mbele ili wote waone anavyomtunza mjane wa kaka yake, na Shufaa akakaa, akatabasamu, akasema moyoni kaa hivyohivyo, wewe utaninolea kisu chako mwenyewe, wewe utanifundisha neno kwa neno, na neno la mwisho ndilo nitakalokuchoma nalo. Na amejifunza, hapana mchezo, anageuza mihogo karaini midomo inakwenda, this is my house, that is your house, wateja wanadhani anasoma dua, usiku amelala anayapanga maneno kama anavyopanga kamba kwenye barafu, wakubwa chini, wadogo juu, na amekwisha kuiona siku yenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, mzungu kwenye kiti cha kukunja, kofia mapajani, Abdulswamadu pembeni amesimama kama mti wa kuanikia nguo, anajiandaa kutafsiri, na yeye anapita mbele, anasema, sir, this man is a liar, na uso wa Abdulswamadu unaanza kushuka, unashuka kama tope linavyoporomoka ukingoni, kwanza kope, halafu mashavu, halafu ile midomo, na watu wa dago wote wanaona, wavuvi, wanawake wa kuanika uduvi, wote, na baada ya hapo hata kama mzungu hatampa kitu, hata kama kituo atapewa jini, yeye atarudi kwenye mihogo yake ameshiba. Wakati mwingine hata hilo halimtoshi, anafikiri kumjazia viatu vile maji ya kamba waliooza, avivae asubuhi, aende navyo msikitini, avivue mlangoni, watu wazibe pua safu kwa safu... au afe, hapana, asife, akifa atasifiwa, aishi, aishi sana, aishi akiuza mihogo. "Mwalimu, naomba kuuliza," anasema Mwanabibi, "na mwenyewe akifa je, mkia unakatwa?" na ghala zima linapasuka kicheko, Mzee Mfaume, mfanyabiashara wa boriti, anacheka mpaka anakohoa, "Bwana mwalimu, mjibu huyo, ni swali la mirathi hilo," na Abdulswamadu anangoja kicheko kipungue, anapenda kungoja, anasema taratibu, "Haukatwi, Bi Mwanabibi. My late brother's boat. Mtumbwi wa marehemu kaka yangu. Kiingereza hakimnyang'anyi mtu kitu chake kwa sababu amekufa," na Shufaa anaibana chaki mpaka inaingia kuchani, ametaja, anamtaja mbele yangu, mtumbwi wa marehemu, Tamimu ambaye mtumbwini alikuwa anapanda ameshika kingo mbili kama anapandishwa jenezani, Tamimu mtu mwema, fundi wa nyavu, Mungu amrehemu, hakujua kamba wa leo na kamba wa jana, hakujua kuelea, barafu ilipoanza kuja kutoka Dar wenzangu wote ilikuwa inawayeyukia kabla maji hayajatoka, ni mimi niliyeizika kwenye pumba za mpunga, ni mimi niliyeshona magunia mawili kwa moja, Tamimu alikuwa ananipitishia sindano tu, na wewe ulikuja pale, ulikula pale, ulilala pale likizo zako zote, uliniona nimezama tope mpaka mapajani nakokota sanduku, ukasema, shemeji wewe ni mwanamume, ulisema, leo ni mtumbwi wa kaka. Ndilo neno lile lile. Ndilo alilolisema siku ile, sasa analitambua, amelibeba sikioni misimu yote hii kama maji ya kuogea yaliyogoma kutoka, leo limetoka, siku ile mzungu wa kamba alipokuja mara ya kwanza na Shufaa yuko ndani, anakalia eda, amefunga nguo nyeupe, hatoki, haonekani na mwanamume, anasikia tu, ukuta wa fito na udongo uliobanduka, upande huu yeye, upande ule sauti, na mzungu anauliza, sauti nzito, na Abdulswamadu anajibu, mai bradhaz biznes, mai bradhaz, mara mbili, mara tatu, na yeye Kiingereza hakijui lakini braza analijua, vijana wa Dar wote ni braza, akajua anatajwa Tamimu, akaona hata mbele ya mzungu huyu kijana hakumsahau kaka yake, na machozi yakamtoka, akaweka mdomo kwenye tundu la ukuta akamwambia, Mungu akulipe shemeji. Mungu akulipe. Alimshukuru. Mtu anakukata shingo unamwambia ahsante kisu chako kikali... na mzungu akaondoka akijua kazi ni ya kaka, na kaka amekufa, na mdogo wa kaka ndiye huyu, anajua Kiingereza, amevaa viatu, basi, na eda ilipokwisha wazee wa ukoo wakakaa, Abdulswamadu akasema mbele yao, hata mzungu analijua hilo, ni kazi ya kaka, na wazee wakagawa kwa haki, haki tupu, hawakuonea mtu, wakampa Shufaa fungu lake la mjane, yaani wakamrithisha kipande cha kitu chake mwenyewe, na yeye amekaa pale na mtandio akaitikia alhamdulillahi. Sasa nitaandika. Sasa hivi, sina haja ya kungoja wiki ijayo, nitaandika hapa hapa, Abdulswamadu is a liar, hiyo naijua, nitaandika herufi kubwa kubwa hadi yule aliyekaa mwisho aione, na nitageuka niwaambie, mnaona mfano huu wa mtumbwi, mfano huu mimi niliusikia kabla yenu, huyu mwalimu wenu nilimtuma maneno kwa mzungu, nilimwambia mwambie hivi, yeye akasema vile, nitawatajia neno langu na neno lake, vyote viwili, mpime wenyewe... neno lake ni mai bradhaz biznes, na neno langu, mimi nilimwambia... alikuja mlangoni, akasimama nje ya pazia, akasema, shemeji, mzungu yupo hapa nje, anaogopa kazi imekufa, nimwambie nini, nami nikamwambia, mwambie asihofu, mwambie... "Shemeji, umekwama? Anza na mwenyewe, usianze na kitu," ngoja we, ngoja kidogo, nilisema mwambie kamba wapo, barafu ipo, wafanyakazi wapo, mwambie... mwambie kazi ya kaka yako haikufa. Kazi ya kaka yako. Nilisema hivyo. Chaki imegusa ubao, imeweka nukta moja nyeupe, imesimama. Kazi ya kaka yako haikufa naye, mwambie hivyo, na Abdulswamadu alikwenda akasema hivyo, si neno pungufu si neno zaidi, alitafsiri sawasawa kama anavyotafsiri hapa ubaoni, kaka kwanza, kamkia, halafu kazi, na hakumsingizia mtu. Shufaa anatafuta mahali pengine pa kushika, labda hakusema, labda ni kumbukumbu inamchezea, lakini kadiri anavyotafuta ndivyo zinavyozidi kuja, maana si siku ile peke yake, wavuvi wageni wanafika gatini wanauliza, mtumbwi wa nani huu, mama, anajibu, wa bwana, na haya masanduku, ya bwana, kamba hawa mnunuzi nani, ni Tamimu yupo ndani amepumzika, na Tamimu ndani anacheka na sindano yake ya nyavu, anamwambia usiku, mke wangu, utakuja kuniletea kesi, mimi hata kamba simjui jicho lake liko wapi, naye anamjibu, nyamaza, ndivyo inavyosemwa, na ndivyo inavyosemwa kweli, ndivyo kungwi wake alivyomfunda alipokuwa mwali ndani, mbele ya mgeni usiseme changu, sema cha bwana, nyumba iwe na kichwa, na akaipenda adabu hiyo, akaona raha kuisema, kwa kuwa yeye na Tamimu walijua na wavuvi walijua, fundo la zambarau lilikuwa linajua, kusema ni kusema tu, adabu kama ya kuvua viatu, nani angedhani kuna watu duniani wanalichukua neno kama lilivyo, wanaliweka mfukoni, wanaondoka nalo mpaka Dar. Huyu alidhani. Huyu alijua. Na hapo hasira iliyokuwa imeanza kulegea inampanda tena, lakini inapanda kwa njia nyingine, polepole, baridi, maana hilo halimsafishi, ala, tusidanganyane, ukimwachia mtu ufunguo wa nyumba akahamia hawi mwenye nyumba, alijua adabu ni adabu na mali ni mali, kalelewa katika adabu hiyo hiyo, mama yake mwenyewe amesema cha bwana maisha yake yote, alijua, akaona mwanya uliomtosha yeye tu, akapita. Lakini hakuongopa. Na Shufaa akimwita mwongo mbele ya mzungu, yule atainama kidogo, atatoa kicheko cha pua, atasema, sir, muulize huyu mama aliniambia niseme nini, na yeye Shufaa binti Abdalah, ambaye katika maisha yake hajawahi kumpunjia mvuvi hata kamba mmoja, ambaye akiwa na ugomvi na mtu anakwenda kugonga mlango wake mchana, atasimama pale, ama aongope, ama akubali. Amekwisha kuliona hilo, kumbe, Abdulswamadu. Ndiyo maana hana wasiwasi. Ndiyo maana alimkaribisha mlangoni na kumkalisha mbele na leo anamwita ubaoni aandike kitu cha mtu, anajua kisu anachoninolea kina makali upande wa mpini, anajua wa kwanza kusema ni nani, amekaa nalo hilo kifuani miaka yote hii starehe kabisa, na mimi nikadhani ninamvizia. "Labda tumsaidie," anasema Mzee Mfaume kutoka nyuma, kwa upole, "mwanangu Shufaa, andika hata lile dago lenu la zamani kule, nani asiyelijua, mimi mwenyewe nimelala pale nikipeleka boriti, ule uji wako wa asubuhi," na Mwanabibi anasema, "Enhe, dago, dago la nani vile?" na wanamwachia yeye, kwa heshima, kama watu wote wamevua viatu kwa pamoja. Dago la nani. Wanajua, wanajua wote, Mzee Mfaume anajua ni uji wa nani alikunywa, walijua hata siku ya wazee, walikaa kimya kwa sababu mwenyewe alikuwa amekwisha kusema si langu, alikuwa amesema kila siku, gatini, kwa sauti, kwa raha zake, nani atamdaia mtu kitu ambacho mwenyewe anakigawa. Basi sitamwita mwongo. Mwongo ni neno dogo, atalipangusa na kitambaa. Nitafanya lile asilolitegemea, lile ambalo hajaliwekea jibu, nitasema langu. Nitalisema kwa Kiswahili kwanza, mbele ya huyu mzee aliyekunywa uji, halafu nitaliandika kwa hicho Kiingereza chake, jina langu mbele, na wiki ijayo nitalisema gatini, na kila gati, mvuvi akiniuliza habari za asubuhi nitamwambia, mpaka liwachoshe, mpaka wazee waliogawa walale nalo, na wewe Abdulswamadu utakuwa na neno langu la zamani mfukoni, lishike, litunze, nilikupa kwa adabu na adabu yenyewe imekwisha, tuone utalitumia wapi wakati aliyelisema yuko hai na analikana mchana kweupe. Wataniita mwanamke mroho. Watasema Shufaa anamnyang'anya maiti. Hilo linauma, Tamimu, linauma, lakini wewe ulicheka, wewe uliniambia nitaleta kesi, basi nimeileta. Kuchani chaki imemchoma, kuna damu kidogo, hajaisikia mpaka sasa, na ubao uko vilevile, my brother's boat juu na nukta yake nyeupe chini, na viatu vinakuja, kro, kro, vinasimama nyuma ya bega lake, na sauti ya asali, imepungua asali kidogo, inaita, "Shemeji Shufaa?" na ile abee, ambayo imekuwa ikimtoka yenyewe tangu utotoni kila anapoitwa na mwanamume, kabla hata hajajua anaitiwa nini, inampanda kooni kama kawaida, inafika kwenye ulimi, na anaimeza.